Uanagenzi wa Kazi, na Kosa Tulilolifanya



Ndugu wasomaji, wanaume kwa wanawake, twaomba radhi kwa kuwaletea khabari ya nyumbani kwetu. Si desturi ya mwalimu wa madrasa kuanika mambo ya nyumba yake mbele ya watu. Lakini tumeona kwamba jambo lililotupata halikutupata sisi peke yetu. Kila tukikaa barazani baada ya sala ya alasiri, twamsikia mzazi huyu au yule akilalamika kwamba mwanawe amemaliza masomo, cheti anacho, na kila aendako aambiwa, "Twataka mtu aliyekwisha fanya kazi." Kijana naye huuliza, na ni haki yake kuuliza, "Nitakuwaje nimekwisha fanya kazi, na hapana anichukuaye nikaanza?"

Jibu la swali hilo ni uanagenzi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi, au aliyemaliza masomo hivi karibuni, akae mahali pa kazi kwa muda uliopangwa, chini ya mkono wa mwenye kuijua kazi, afanye, akosee, asahihishwe, hata elimu aliyoisoma vitabuni ipate kushuka mikononi mwake. Hapa Kenya vijana wetu huuita "atachmenti" ukiwa ni sehemu ya masomo ya chuo, na aghlabu huwa ni miezi mitatu. Ukiwa ni baada ya kukhitimu huuita "intanshipu", nao huweza kufika mwaka mzima. Majina ni mageni, lakini jambo lenyewe si geni kwetu hata kidogo, na lau tungalilikumbuka hilo mapema, tusingalifanya tuliyoyafanya.

Sisi wenyewe hatukusoma sana. Tulikhitimu Kurani, tukamaliza darasa la nane mwaka 1987, na hapo masomo ya skuli yakakoma kwa kuwa karo haikupatikana. Siku moja marehemu mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituita akatuonyesha watoto saba waliokaa juu ya mkeka, kila mmoja na juzuu yake, akasema, "Hawa ni wako mpaka adhuhuri." Tukaingia kwa fakhari kubwa. Tukasoma kwa sauti ya kujaza chumba, na watoto wakafuata. Mmoja wao alikuwa hawezi kuitamka dhadi. Tukamkaripia hata akalia. Mwalimu alikuwa amejilaza barazani, amejifunika uso kwa kitambaa, nasi tukidhani amelala. Baada ya sala akatuambia maneno ambayo hatujayasahau mpaka leo: "Hukumsomesha mtu. Ulisoma mwenyewe, nao wakakusikiliza. Kesho kaa na yule aliyelia." Kesho yake tukakaa na yule aliyelia, na siku nyingine nyingi baada ya hiyo, mpaka ulimi wake ukapajua mahali pa herufi ile.

Miaka miwili tulikaa hivyo. Mshahara haukuwapo. Lakini kila Alkhamisi, watoto walipoleta ada yao, mwalimu alitutolea fungu letu mbele ya watu, ili ijulikane kwamba ni haki yetu wala si sadaka. Huo ulikuwa uanagenzi, ingawa hapakuwa na mtu aliyeuita kwa jina hilo. Hali kadhalika seremala alikuwa na wanagenzi wake, na mshonaji kanzu, na nahodha. Hapakuwa na aliyezaliwa fundi.

Sasa twaja kwenye kosa letu.

Binti yetu wa pili alikuwa akisoma uhasibu katika chuo kimoja cha hapa Mombasa. Mwishoni mwa mwaka 2022 alipewa barua ya kumtambulisha, pamoja na kitabu cha kuandikia kazi za kila siku, akaambiwa atafute mahali pa kujifunza kazi kwa miezi mitatu kuanzia Januari. Bila ya miezi hiyo hakuna kukhitimu. Akatujia usiku mmoja baada ya chakula, akaomba ruhusa azunguke maofisini, yeye na mwenzake, kuipeleka barua yake.

Tukakataa. Tukamwambia, "Binti wa mwalimu hapigi hodi katika milango ya watu asiowajua. Tuachie sisi."

Tulikuwa na mambo mawili moyoni, na moja tu ndilo tulilolisema. Tulilolisema ni sitara ya mtoto wa kike, na hilo ni jambo la haki kwa kila mzazi. Tusilolisema ni kwamba tuliona haya. Tulikhofu watu waseme kwamba mwalimu fulani hana anayemjua mjini, hata mtoto wake atembeza barua kama mwombaji. Na jamaa tulikuwa naye, mwenye cheo katika ofisi moja kubwa. Tukamwendea. Akatupokea kwa heshima, akatunywesha kahawa, akasema, "Inshaallah, mambo hayo niachie mimi." Tukarudi nyumbani tumetulia kana kwamba kazi imekwisha.

Januari ikapita. Tukimpigia simu jamaa yetu, atuambia Jumatatu. Ikifika Jumatatu, atuambia mwisho wa mwezi. Kisha akawa hashiki simu kabisa. Hatumlaumu sana, kwani huenda hakuwa na uwezo tuliodhani anao, akaona haya kutuambia, kama sisi tulivyoona haya. Haya mbili zilikutana, na katikati yake akapotea mtoto.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka 2023, mtu mmoja tuliyekuwa tukikutana naye barazani akatuambia kwamba yuko bwana awezaye kuingiza vijana katika ofisi aitakayo, ila ataka shilingi 8,000 "za chai". Fedha hizo tulikuwa nazo. Tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati ya paa la jikoni.

Ndugu zetu, sisi ndio tuwasomeshao watoto wa watu kila mwaka kwamba mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea, wote wawili wamo katika laana. Mlango huo twaujua kwa dalili zake. Na pamoja na hayo tulizihesabu noti zile kwa mkono wetu, tukampa. Nafsi ilituambia kwamba hiyo si rushwa, ni ujira wa mpatanishi tu. Nafsi hodari wa fatwa! Bwana yule alituahidi jibu baada ya Idi. Baada ya Idi simu yake haikupatikana tena.

Mwezi wa Mei wenzake binti yetu walirudi chuoni, vitabu vyao vimejaa maandishi na mihuri. Chake kilikuwa cheupe. Hakulia mbele yetu wala hakusema neno la lawama. Ni mama yake aliyekuja usiku, akatuwekea daftari mapajani, akasema, "Mwalimu, soma na hili."

Lilikuwa daftari la kawaida la kurasa 96. Ndani yake binti yetu alikuwa ameandika majina ya ofisi 34 za mji huu. Kila ofisi ilikuwa na mtaa wake, na kazi yake, na jina au cheo cha mtu apokeaye barua za wanafunzi, na mstari mmoja wa kueleza kwa nini angependa kujifunza hapo. Yote hayo aliyakusanya tangu Novemba, kwa kuuliza na kupiga simu, bila ya kutoka nyumbani pasipo idhini. Alikuwa tayari siku nyingi. Aliyekuwa hayuko tayari ni babake.

Tukamwita. Tukamweleza khabari ya jamaa yetu, na khabari ya zile shilingi 8,000 ambayo hata mamake alikuwa haijui. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa adabu, "Baba, sikuwa na haja ya pesa. Nilikuwa na haja ya ruhusa tu."

Hatukuwa na la kumjibu.

Chuo kilimkubalia aingie katika zamu iliyofuata, lakini kukhitimu pamoja na wenzake kulikuwa kumekwisha kumpita. Basi Jumatatu iliyofuata tukatoka pamoja, yeye na mkoba wake wa barua, sisi na bakora yetu. Tulipatana kwamba yeye ataingia, nasi tutangoja nje. Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake, nasi tukayakubali. Alisema kijana anayesemewa na babake hupewa maji ya kunywa na kuambiwa kwaheri.

Tulijifunza mambo mengi katika kungoja huko nje. Katika ofisi ya kwanza bawabu alimrudisha bila ya kuitazama barua. Katika ya pili waliipokea barua wakaitia juu ya rundo la barua nyingine, na tangu hapo akawa na nakala mbili: moja yao ya kuwaachia, na moja yake ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, ili akirudi asiambiwe kwamba haijulikani ililetwa lini. Katika ya tatu walimwuliza kama ana bima ya ajali. Hakuwa nayo mkononi, na ofisi nyingi hazimkubali mwanafunzi asiye na bima, kwa kuwa akiumia kazini ni neno juu yao. Kesho yake alikwenda chuoni akaileta karatasi ya bima. Katika ya tano walimwambia nafasi zipo, ila zimekwisha gawanywa tangu mwezi mmoja kabla. Akaandika katika daftari lake mwezi wa kurudi.

Ni lazima tuseme pia kwamba nafasi zenyewe katika mji wetu si nyingi. Mombasa ni mji wa bandari, na ofisi zake nyingi huishi kwa mizigo. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena ya kwenda bara yapelekwe kwa reli mpya na kutolewa ushuru Nairobi, ofisi nyingi za mawakala wa forodha hapa kwetu zilipunguza watu, na nyingine zikafungwa. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022, lakini duka likifungwa halifunguki kwa siku moja. Na mahali pa kazi pakipungua, cha kwanza kupunguzwa ni kiti cha mwanagenzi.

Ofisi ya kumi na moja ilikuwa ya wakala wa forodha, chumba na ua, upande wa Kilindini, watu wanne tu. Haikuwamo katika daftari. Binti yetu aliona kibao njiani. Mwenyewe, mzee wa makamo, alimwuliza, "Wajua nini?" Akajibu, "Najua kuandika daftari za hesabu. Kazi ya bandari siijui, nimekuja kujifunza." Mzee yule akamsukumia boksi la stakabadhi zilizochanganyika, akamwambia azipange kwa tarehe. Kwa muda wa saa moja na nusu tulikuwa chini ya mwarubaini, hatujui kuna nini. Alipotoka alisema, "Baba, aomba uingie."

Tukaingia, na hapa twataka wazazi watusikilize, khasa wenye mabinti. Ile khofu yetu ya kwanza haikuwa batili. Batili ilikuwa ni kuifanya kuwa ukuta, wakati ilipasa kuifanya kuwa maswali. Tulimwuliza mwenye ofisi waziwazi: binti atakaa chumba gani, na nani, mlango hufungwa saa ngapi, ana mahali pa kusali adhuhuri, atatumwa nje na nani, na wapi. Hakuudhika. Alitujibu moja baada ya jingine, akatuonyesha meza karibu na dirisha, pembeni mwa mama mmoja aliyefanya kazi hapo kwa miaka mingi. Mwajiri mwema hachukii kuulizwa. Yule achukiaye maswali ya mzazi, au amwambiaye msichana aje mahojiano usiku, au mahali pasipokuwa ofisi, huyo hatafuti mwanagenzi, na jibu lake ni kugeuza njia.

Tulipatana hivi: mshahara hakuna, lakini nauli ya matatu na chakula cha mchana ni juu ya ofisi, muda ni miezi mitatu, naye atafundishwa uhasibu na kazi ya hati za mizigo, wala hatakuwa mtu wa kupika chai. Binti yetu akaomba yaandikwe. Yakaandikwa, karatasi moja, sahihi mbili.

Katika Kurani tumesoma kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan mkono mtupu, mgeni, hana kazi wala jamaa. Aliyetoa shauri aajiriwe alikuwa binti wa mzee wa mji ule, na hoja yake ilikuwa juu ya mambo mawili, nguvu na uaminifu. Hakutaja ukoo wala kujuana. Kisha mzee akataja muda, miaka minane, na ikitimizwa kumi ni hisani ya Musa mwenyewe, wakaafikiana kabla ya kazi kuanza. Kisa hicho tumekisomesha tangu ujana wetu. Tulikuwa hatujaona kwamba ndani yake mna namna ya kumpokea kijana kazini: tazama uwezo wake na amana yake, kisha taja muda na masharti.

Miezi ile mitatu binti yetu alijifunza mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vyake. Alijua kwamba kontena likikaa bandarini kupita siku zilizosamehewa, gharama huanza kuhesabiwa kila siku, na kwamba karatasi moja iliyochelewa yaweza kula faida yote ya safari. Alijua kulinganisha daftari la ofisi na hesabu ya benki, na kutafuta shilingi 300 zilizopotea kwa siku mbili. Siku moja aliandika malipo ya mteja mara mbili, na mteja akatozwa zaidi. Mzee hakumfukuza wala hakumfichia. Alimpa simu akamwambia ampigie mteja mwenyewe, amweleze kosa na kumtaka radhi. Usiku ule hakula. Lakini tangu siku hiyo, asema, hafungi ukurasa bila ya kuurudia. Tulipousikia mkasa huo tulimkumbuka marehemu mwalimu wetu na yule mtoto aliyelia kwa dhadi.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa mwisho mtamu. Muda ulipokwisha, mzee yule hakuwa na nafasi ya kumwajiri. Alimwandikia barua njema, basi. Binti yetu amekhitimu, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Mpaka twaandika maneno haya hajapata kazi ya kudumu. Huandika daftari za duka moja la vifaa vya ujenzi siku tatu kwa wiki, kwa ujira, nayo aliipata kwa ile barua. Si haba. Lakini mwaka ule mmoja ni deni lake juu yetu, na hatujui tutalilipaje.

Kutokana na hayo tuna maneno machache kwa kila mmoja.

Kwa vijana. Msingoje wakubwa wenu wamalize kuona haya. Ombeni ruhusa kwa adabu, na mkikataliwa ombeni tena, mkileta daftari mkononi. Hoja iliyoandikwa ni nzito kuliko manung'uniko. Anzeni kutafuta miezi mitatu au minne kabla ya zamu yenu. Barua ya chuo, bima, kitabu cha kazi na maelezo mafupi ya masomo yenu viwe pamoja siku zote. Ofisi ndogo msizidharau. Katika ofisi kubwa huenda mkapewa kazi ya kunakili karatasi miezi mitatu, na katika ndogo mkashika kila kitu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Na jueni kwamba hamwombi sadaka. Hapa Kenya kwa sheria waajiri hutoa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, nazo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, iitwayo NITA, ambayo kazi yake moja ni kuangalia mambo haya ya wanagenzi. Waliokwisha kukhitimu shahada wautazame pia mpango wa wanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, ambao muda wake ni mwaka mmoja na wenye posho. Maombi yake hupelekwa bila ya ada. Basi mtu yeyote atakayewaambia kwamba nafasi hizo zina "chai", mkumbukeni mwalimu wa madrasa na mabati yake.

Kwa wenye kazi. Zipo ofisi zinazowapokea vijana, zikawatumia kama vibarua wasio na ujira, muda ukiisha wakaleta wengine. Hiyo ni dhuluma, hata ikipambwa kwa jina la mafunzo. Sote tumekwisha sikia mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya jasho la mwajiriwa na ujira wake. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za serikali waligoma siku 56, na moja katika mambo makubwa yaliyogombaniwa lilikuwa ni malipo ya madaktari wanagenzi. Nchi nzima ililiona jambo hilo. Ikiwa mshahara hauwezekani, nauli na chakula vyawezekana, na kufundisha kwa kweli kwawezekana. Asiyeweza hata hayo, asichukue mtoto wa mtu.

Kwa jamaa wa miji yetu kwa jumla. Wazee waliotutangulia hawakulala katika jambo hili. Hapa Tudor, mwaka 1951, wanafunzi wa kwanza waliingia katika chuo cha ufundi cha Waislamu kilichojulikana kwa herufi zake MIOME, kilichojengwa kwa michango ya Aga Khan, na ya Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, na ya Mabohora, na ya serikali ya Uingereza, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki washike kazi za mikono na mitambo. Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikaitwa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu kamili cha ufundi. Majengo yapo, na vijana wetu wamo ndani yake. Wazee wale walitoa ardhi na mali. Sisi twatakiwa kitu chepesi zaidi: meza moja, kiti kimoja, na subira ya miezi mitatu.

Baada ya hayo kutupata, tulisimama siku moja katika msikiti wa mtaa wetu baada ya sala ya Ijumaa, tukawaomba wenye maduka na karakana kila mmoja amchukue kijana mmoja. Tulieleza kisa chetu chote, pamoja na zile shilingi 8,000, kwani mwalimu akificha kosa lake hawezi kulikataza la mwenzake. Wengi walitikisa vichwa wakaenda zao. Wanne walikubali: fundi wa majokofu, mwenye duka la dawa, mpiga chapa, na mwenye gereji. Wanne si wengi, lakini ni wanne waliokuwa hawapo jana.

Na katika madrasa yetu wako vijana wawili waliokhitimu, mmoja mvulana na mmoja msichana, ambao tulikuwa twawatuma kufagia na kuteka maji tu. Sasa kila mmoja ana watoto wake saba juu ya mkeka, kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na fungu lake hutolewa Alkhamisi mbele ya watu. Sisi hujilaza barazani na kitambaa usoni. Wao hudhani tumelala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea, awafungulie vijana wetu milango ya halali, na awape wazazi moyo wa kuwaruhusu waibishe wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.